Njia za Karura: Msitu Uliolindwa kwa Miguu

Alfajiri, Barabara ya Waiyaki hufurika watu wa Kangemi wanaoteremka kwa miguu kuelekea Westlands, nauli wameiweka akiba ya chakula cha mchana. Upande huu wa Nairobi ni migongo na mabonde: unashuka mtoni, unapanda, unakuta mto mwingine. Kangemi imekalia mgongo mmojawapo, mabati yamebanana hadi chini bondeni. Kilomita chache kaskazini-mashariki, migongo ya namna hiyo hiyo bado imevaa miti. Huko ndiko Karura, msitu wa hekta 1,041 ndani ya jiji.

Karura haina kilele. Anayetamani vilele hupanda Ngong, takriban mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Raha ya Karura ni kuteremka: kijia cha udongo mwekundu kinajipinda, hewa inapoa, mara unasikia maporomoko ya maji kabla hujayaona. Kwenye makutano ya njia kuna vibao vya nambari, mgeni asipotee.

Njia hizi zimebadili wenyewe mara nyingi. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, injini zilikula kuni. Bustani ya miti ya Arboretum ilianzishwa 1907 ili kujaribu miti inayokua upesi kwa ajili ya kuni hizo, na mwaka 1932 Karura ikatangazwa msitu wa hifadhi. Mtembezi bado anaisoma historia hiyo. Mikaratusi iliyosimama kwa mistari kama mahindi shambani ilipandwa ivunwe; mihugu na mizeituni ya mwitu iliyosongamana ovyo ndiyo wenyeji wa hapo.

Karibu na maporomoko kuna mapango. Miaka ya 1950 wapiganaji wa Mau Mau, waliopinga utawala wa Waingereza, walijificha humo. Wakati huo njia njema ilikuwa ile isiyoonekana.

Miaka ya 1990 alikuja adui mwenye hatimiliki. Vipande vya msitu viligawiwa watu binafsi kimyakimya, na mwaka 1998 miti ikaanza kuangushwa ili majumba yajengwe. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement wakaja na miche. Tarehe 8 Januari 1999, wakitaka kupanda mti langoni, walivamiwa na kundi la walinzi wenye silaha. Maathai alipasuliwa kichwa. Katika kituo cha polisi, alitia saini taarifa yake kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, na Agosti mwaka huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Msitu ukapona, lakini ukabaki mtupu. Watu waliuogopa kwa sababu ya majambazi. Sheria ya Misitu ya 2005 iliwapa wananchi nafasi ya kusimamia misitu pamoja na serikali, na chama cha Marafiki wa Karura kikashirikiana na Shirika la Misitu: uzio wa umeme ukawekwa, vijana wa mitaa jirani, kama Huruma, wakaajiriwa kuwa walinzi, njia zikafyekwa. Mwaka 2011 malango yakafunguliwa rasmi. Leo kuna takriban kilomita 50 za njia, na mbega wamerudishwa mitini.

Mnyakuzi wa ardhi hupenda mahali pasipo na shahidi. Kila anayekimbia, anayeendesha baiskeli au anayesukuma kigari cha mtoto Karura anashika zamu bila kujua. Ndiyo maana inafaa kuuliza ni nani aliye zamuni. Lango la leo liko wazi, ila lina kiingilio, na mzazi wa Kangemi mwenye watoto watatu hulipa kwanza matatu ya kwenda na kurudi. Yeye hutembea kila siku kuliko wote, na bado njia yake humpeleka kazini tu. Siku atakayoshuka na wanawe hadi kwenye maporomoko, Karura itakuwa imeongeza walinzi wanne.