Mtu wa Kuyaona Machozi
Mwaka 1836 George Müller alifungua nyumba ya wasichana 30 mayatima huko Bristol, Uingereza. Kufikia mwaka 1870 yalikuwako majumba matano makubwa, yenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000. Walilishwa, wakavishwa, wakasomeshwa. Hata hivyo, mwaka 1958 majumba yale yaliuzwa, watoto wakahamishiwa nyumba ndogo ndogo, mfano wa jamaa. Ilikwisha kueleweka kwamba mtoto hahitaji sahani na kitanda tu; anahitaji mtu wa kuyaona machozi yake. Basi, kabla hatujachanga fedha za kujenga bweni la mayatima, tuulize: je, nyanya yake hawezi kumlea, tukimsaidia unga na karo? Bwana atufumbue macho.