Matrekta ya Kongwa na Ukosefu wa Vipuri

Kabla ya kuja kwa reli, jembe la chuma lilifika Ugogo kwa mabega ya wapagazi. Misafara iliyotoka Unyamwezi kwenda pwani ilichukua majembe pamoja na pembe za ndovu, na watemi wa Ugogo, ambao hapana msafara ulioweza kupita bila ya maji ya visima vyao, walipokea majembe hayo kuwa hongo. Jembe la namna ile halikuwa na tundu la kutilia mpini kama lilivyo jembe la Ulaya. Lilikuwa na mkia uliochongoka. Mkia ulitiwa motoni hata ukawa mwekundu, kisha ukapenyezwa katika kichwa kinene cha mpini, ukajichomea njia yake wenyewe. Mpini ukivunjika, mwenye jembe alikwenda porini kukata mwingine. Bapa likilika, mhunzi alilifua tena, au akaligeuza kisu. Katika chombo kizima hapakuwa na sehemu hata moja ambayo ilipasa kuagizwa kwa yule aliyekiunda kwanza.

Katika nchi hiyo hiyo, mwezi wa Februari 1947, walifika watangulizi wa mpango wa karanga. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeiacha Uingereza na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alikuwa ametoa shauri kwamba mafuta hayo yapatikane katika Afrika ya Mashariki kwa kilimo cha mashine. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa idara ya kilimo ya Tanganyika, ulipendekeza mashamba 107, kila moja ekari 30,000, na 80 kati yake yawe Tanganyika. Hesabu ya ekari, ya tani na ya fedha ilifanywa kwa uangalifu. Hesabu ya misumari, kama mtu aweza kusema hivyo, haikufanywa.

Matrekta mapya hayakupatikana. Viwanda vya Marekani na Uingereza vilikuwa na maagizo mengi kuliko vilivyoweza kutimiza, na dola zilikuwa adimu. Ikawa hapana budi kununua mitambo iliyokwisha kutumika vitani, na mingi ilitoka katika maghala ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Matrekta hayo ya minyororo yalikuwa yamechoka kabla ya kuvuka bahari. Yalifika Dar es Salaam katika bandari ambayo haikuwa na gati la maji ya kina hata mwaka 1956, yakateremshwa katika matishari, kisha yakapelekwa bara kwa reli. Vipuri vilipita njia hiyo hiyo nyembamba, vikigombea nafasi na mahema, saruji na chakula.

Udongo wa Kongwa ulifanya yaliyobaki. Ni udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na mchanga mkali; wakati wa mvua hukubali plau, na kiangazi hukauka ukawa kama tofali. Mchanga huo uliingia katika pini na bushi za minyororo ya matrekta na kuzisaga kama tupa isagavyo chuma. Mizizi ya vichaka, ambayo chini ya ardhi ilisukana kama ukili wa mkeka, ilipinda visahani vya plau, na shina la mbuyu liliharibu makali ya matingatinga. Hata kufikia miezi ya mwisho ya kiangazi cha mwaka 1947, theluthi mbili ya matrekta yalikuwa hayafanyi kazi. Ekari 150,000 zilikusudiwa kwa mwaka wa kwanza. Zilizopandwa zilikuwa kiasi cha 7,500.

Hapa ndipo kazi ya fundi ilipokuwa ngumu, na ndipo tofauti ya jembe na trekta inapoonekana wazi. Fundi asiye na kipuri halisi ana njia chache. Aweza kuchomelea bamba lililopasuka. Aweza kukereza bushi mpya kutoka kipande cha chuma, ikiwa anayo mashine ya kukerezea na anavijua vipimo. Lakini jino la gia lililoimarishwa kwa moto kiwandani, ringi ya pistoni, au pampu ya mafuta ambayo kosa dogo kuliko unene wa unywele huiharibu, haya hayafuliwi uwanjani. Kwa mambo kama hayo hubaki njia moja tu: kuyanyofoa katika trekta jingine lililokufa. Kila trekta lililotengenezwa kwa njia hiyo lilihesabiwa kuwa limepona, na lililonyofolewa likawa haliwezi kupona tena. Tena njia hiyo yahitaji mashine za aina moja, na mashine zilizookotwa sokoni baada ya vita zilikuwa za aina nyingi.

Si kwamba ubunifu ulikosekana. Wasafishaji wa msitu walitaka minyororo ya nanga za meli, ili matrekta mawili yaifunge katikati na kuiburuza, na trekta la tatu lifuate nyuma kuisukuma miti iliyokataa kuanguka. Ofisi ya London ilifuta agizo la kwanza, ikidhani ni mzaha. Minyororo ilipofika, ilifanya kazi vizuri. Kiwanda cha Vickers nacho kiligeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Hayo hayakufikia yaliyotarajiwa. Mnyororo wa nanga ulitoka kwa watu waliouona mti wenyewe, na huenda hiyo ndiyo sababu.

Wapo waliotupa lawama juu ya madereva Waafrika, wakisema waliharibu mashine kwa kutojua. Ni kweli kwamba wengi walifundishwa kwa muda mfupi mno. Lakini dereva hodari kuliko wote hawezi kuuzuia mchanga usile pini, wala hawezi kuyafanya mapya matrekta yaliyonunuliwa yakiwa yamechakaa. Lawama hiyo ilipendeza kwa sababu ilimwangukia mtu ambaye hakualikwa katika mashauri yoyote, na ambaye hakuwa na mahali pa kuijibu.

Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo, na hasara ilikuwa kiasi cha paundi milioni 36. Kuanzia mwaka 1955 mabaki yake yalisimamiwa na Shirika la Kilimo la Tanganyika. Sehemu ya ardhi ya Kongwa iliyokwisha kufyekwa kwa gharama ile ikafanywa ranchi ya ng'ombe, na ingali ranchi hadi leo.