Jina na Dalili: Wilhelm von Humboldt na Maradhi ya Parkinson

Wasomi wa elimu ya lugha wamjua vema Wilhelm von Humboldt, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1767, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chuo Kikuu cha Berlin. Ndiye aliyeandika kitabu kikubwa juu ya Kikawi, lugha ya kale ya washairi wa kisiwa cha Java, akaonyesha udugu wa lugha zilizoenea kutoka Bukini hata visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Lakini ni wachache wajuao kuwa barua zake za miaka ya mwisho ni ushahidi wenye thamani kwa matabibu pia. Madhumuni ya makala haya ni kuutazama ushahidi huo, na kuonyesha jinsi jina lipewalo jambo liwezavyo kuyafumbua macho ya watu au kuyafumba.

Mwaka 1817 tabibu mmoja wa Hoxton, London, aitwaye James Parkinson, alitoa kijitabu juu ya maradhi aliyoyaita kupooza kwa kutetemeka. Alieleza habari za watu sita tu. Wawili kati yao alikutana nao njiani, na mmoja alimwona kwa mbali. Aliona kuwa mkono hutetemeka hali umetulia, kiwiliwili huinama mbele, na mwendo hugeuka kuwa wa mbio pasipo mtu kutaka. Tena aliona kuwa maradhi haya huanza polepole mno, hata ni nadra mgonjwa kukumbuka wakati yalipoanza.

Humboldt aliyaeleza mambo kama hayo tangu mwaka 1828 hata kufa kwake mwaka 1835, naye ni mgonjwa, wala si tabibu. Aliandika kuwa mikono yake hutetemeka ikiwa imepumzika. Kuwa amepatwa na uzito wa namna ya pekee katika kazi zitakazo miendo mingi ya haraka, kama vile kuandika. Na kuwa herufi zake zazidi kuwa ndogo. Hata kuinama kwa mwili wake alikutaja. Hata hivyo hakukubali kuwa ana maradhi. Mkewe, Caroline, alifariki mwaka 1829, naye akaona kuwa tangu msiba huo uzee umemjia mbio. Basi yule aliyezipambanua lugha za mbali alizitaja dalili zake moja moja, kisha akazifunika zote kwa neno moja: uzee. Kitabu chake cha Kikawi kilipigwa chapa baada ya yeye kufa, kati ya mwaka 1836 na 1839.

Baadaye katika karne hiyo Jean-Martin Charcot, tabibu wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, alilikataa jina lile la kwanza. Alisema kuwa wagonjwa hawa hawapoozi kwa hakika, wala si wote watetemekao. Wengine hukakamaa na kuwa wazito tu. Ndipo akapendekeza maradhi yaitwe kwa jina la Parkinson mwenyewe.

Leo twajua kuwa chembe za ubongo zitengenezazo dopamini hufa kidogo kidogo. Dawa ya levodopa, iliyoanza kutumiwa katika miaka ya 1960, huwapunguzia wengi taabu ijapokuwa haiponyi. Lakini utambuzi bado wategemea zaidi macho ya tabibu na maelezo ya mgonjwa. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, uliwahusu watu zaidi ya 160,000, ukapata wagonjwa 33. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wametambuliwa na tabibu yeyote kabla ya hapo. Wasiotambuliwa hawapewi dawa.

Jambo hili latuhusu sisi ambao kazi yetu ni maneno. Tukisema "ugonjwa wa kutetemeka", tutamwacha yule asiyetetemeka. Tukisema "uzee", tutawaacha wote. Mwandiko upunguao, mkono mmoja usiopungapunga mtu atembeapo, uso usioonyesha furaha wala huzuni, sauti ififiayo, hatua fupi za kuburura: haya yasiitwe uzee kabla tabibu hajayatazama. Humboldt hakuwa na dawa ya kukosa. Wazee wetu wanayo.