Laini, simu na taarifa binafsi: nani anaruhusiwa kuziangalia? Ufafanuzi kwa wananchi wa Shinyanga na Geita

Na Mwandishi Wetu

Katika ukanda wa dhahabu unaoanzia Kahama na Msalala mkoani Shinyanga hadi Mbogwe, Bukombe na Geita, simu ya mkononi ndiyo daftari na ndiyo pochi. Ndani yake mna malipo ya vibarua wa duara, fedha ya mafuta ya pampu, hesabu za mwenye karasha, bei ya gramu iliyotumwa asubuhi kutoka sokoni, na wakati mwingine ujumbe unaoeleza nani anasafiri na nini. Anayeisoma simu hiyo anajua leo nani ana fedha, ni kiasi gani na atapita njia ipi. Kwa mchimbaji wa Nyarugusu au mnunuzi wa Mwakitolyo, taarifa iliyovuja inaweza kumfikisha mtu mlangoni kwake usiku.

Makala haya yanaeleza taarifa hizo zimeshikwa na nani, sheria inamruhusu nani kuzifungua, na mwananchi afanye nini pale asiyeruhusiwa anapozifungua.

Msingi wa yote ni Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 16 inamhakikishia kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, maskani yake na mawasiliano yake. Ibara hiyo hiyo inaipa mamlaka ya nchi wajibu wa kuweka utaratibu wa kisheria kuhusu mazingira ambamo haki hiyo inaweza kuingiliwa. Maana yake ni kwamba faragha ina mipaka, lakini mipaka hiyo huwekwa na sheria iliyoandikwa, si na mtu mmoja mmoja kwa hiari yake.

Namba ya NIDA na laini iliyosajiliwa

Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei, 2019. Muda wa awali ulikuwa hadi tarehe 31 Desemba mwaka huo, ukaongezwa hadi tarehe 20 Januari, 2020, na baada ya hapo laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Tangu wakati huo kila laini inaambatana na Namba ya Utambulisho wa Taifa inayotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA). Utaratibu huu unamwezesha mpelelezi kufika kwa mwenye namba iliyotumika kufanya utapeli. Lakini unamfikisha kwa mtu ambaye jina lake liko kwenye usajili, hata kama mtumiaji halisi ni mwingine.

Hapo ndipo wananchi wengi wa maeneo ya machimbo wanapopata hasara bila kujua. Mtu anafika machimboni akitokea mkoa mwingine, laini yake imepotea, anaomba mwenzake amsajilie. Au anaweka kidole mara ya pili na ya tatu kwa madai kwamba mashine haijasoma, na huko nyuma laini nyingine zimesajiliwa kwa jina lake. Laini hiyo ikitumika katika uhalifu, wa kwanza kuulizwa ni mwenye kidole.

Dawa yake ni ndogo. Piga *106# na ufuate maelekezo yatakayoonekana ili kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtoa huduma husika uombe ifutwe. Inafaa kufanya hivyo kila baada ya miezi michache, na hasa baada ya kuhudumiwa na wakala usiyemfahamu.

Jambo jingine halisemwi mara kwa mara. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenye namba. Nakala ya kitambulisho ikiachwa kwa mwenye nyumba ya wageni, kwa mpiga chapa au ofisi ya mwajiri, anayeishika ana tarehe yako ya kuzaliwa. Watu wengi wamefanya mwaka wao wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya akaunti ya fedha kwenye simu. Kwa hao, kufuli na ufunguo vimeandikwa kwenye karatasi moja. Namba ya siri yenye mwaka wa kuzaliwa ibadilishwe leo.

“Ile hela tuma kwenye namba hii”

Ujumbe huu umezoeleka nchini kote, na wengi huucheka. Machimboni bado unafanya kazi, na sababu yake inaeleweka: kule fedha hutumwa kila siku. Mwenye duara anatuma kwa muuza matimba, kwa fundi pampu, kwa mama lishe anayewalisha vibarua. Ujumbe ukimkuta mtu ambaye kweli alikuwa na deni la kulipa asubuhi hiyo, hauonekani kuwa wa ajabu. Kanuni ya kufuata ni kumpigia unayemdai au anayekudai kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani kabla ya kutuma chochote. Ujumbe wa namna hiyo, pamoja na namba iliyoutuma, upelekwe kwa ujumbe mfupi kwenda namba 15040, ili namba hiyo ifungiwe. Vilevile, watoa huduma huwapigia wateja kwa namba 100. Anayepiga kwa namba ya kawaida akidai ni huduma kwa wateja na kutaka namba ya siri au tarakimu zilizoingia kwenye ujumbe, akatiwe simu.

Mikopo ya mtandaoni imeleta tatizo la aina nyingine. Baadhi ya programu huomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina yote kwenye simu kabla ya kutoa mkopo, na mkopaji akichelewa, ndugu, waajiri na hata watu aliowahi kuwapigia mara moja hutumiwa ujumbe wa kumdhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliutangazia umma majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kabla ya kukopa, hakiki leseni ya mkopeshaji. Na programu ya mkopo inayodai kusoma majina na picha zako ikataliwe, hata kama ina leseni ya mtu fulani mahali fulani.

Kifaa chenyewe

Simu nyingi zinazouzwa katika minada na vijiwe vya Katoro au Kahama zimeshatumika. Kila simu ina namba tambulishi ya IMEI yenye tarakimu 15, inayoonekana ukipiga *#06#. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ina rajisi kuu ya namba hizo, na ni kupitia mfumo huo simu bandia zilizimwa Juni 2016. Kabla ya kulipa, tuma namba ya IMEI kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 na usome majibu. Ikiwa majibu yanataja aina tofauti na iliyoandikwa kwenye simu, usinunue. Anayenunua simu ya wizi hupoteza fedha na pia hujikuta akitoa maelezo kituoni.

Simu ikiibwa, wengi hujipa moyo kwamba ina alama ya kidole au mchoro wa kufungulia. Mwizi hana haja ya kuifungua. Huchomoa laini, akaiweka kwenye simu ndogo ya vitufe, na ujumbe wote wa kuthibitisha akaunti ukaingia mikononi mwake. Kinachozuia hilo ni namba ya siri ya laini yenyewe, inayowekwa kwenye mipangilio ya usalama ya simu. Ikishawekwa, laini haifanyi kazi kwenye simu nyingine mpaka namba hiyo iandikwe, na ikikosewa mara tatu hufunga mpaka ifunguliwe kwa tarakimu za PUK. Unapopeleka simu kwa fundi au kuiacha kijiweni ichajiwe, toa laini na kadi ya kumbukumbu. Fundi anayebadilisha kioo hahitaji kuujua mchoro wako wa kufungulia, na anayehitaji kujaribu kioo afanye hivyo ukiwepo.

Kuna uvumi uliosambaa kwamba ukipiga *#21# simu itakuonyesha kama unasikilizwa. Si kweli. Tarakimu hizo huonyesha tu kama simu zako zimeelekezwa kwenye namba nyingine. Ni jambo la maana kulijua, kwa sababu matapeli huwashawishi watu kuelekeza simu zao bila kutambua, na ##002# hufuta uelekezaji wote. Haliwezi kukujulisha chochote kuhusu usikilizwaji.

Nani anaweza kuifungua kwa mujibu wa sheria

Swali hili huulizwa mara nyingi, na jibu lake haliko katika sheria moja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inampa mkuu wa kituo cha polisi, akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba kifaa kinaweza kuwa ushahidi wa kosa, uwezo wa kutoa amri ya kuingia mahali, kupekua na kukichukua kifaa hicho. Hapo hakimu hahusiki mwanzoni. Kwa hatua nzito zaidi, kama vile kutumia zana maalumu za kiuchunguzi kupata ushahidi usioweza kupatikana kwa njia nyingine, ofisa anatakiwa kuomba amri ya mahakama. Sheria ya Kuzuia Ugaidi, kama ilivyotungwa mwaka 2002, inakwenda mbali zaidi: ofisa wa polisi anayetaka kunasa mawasiliano ili kupata ushahidi lazima kwanza apate ridhaa ya maandishi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha aende mahakamani.

Mwananchi ambaye simu yake imechukuliwa katika upekuzi ana haki ya kupewa stakabadhi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka ofisa aliyechukua kitu kutoa hati ya kukiri kukichukua, yenye saini za mwenye mahali na mashahidi. Idai kwa adabu, na hakikisha namba ya IMEI imeandikwa, kwa maana simu mbili za rangi moja hazitofautishwi kwa jina la kampuni. Bila hati hiyo, kuifuatilia simu baadaye ni kazi ngumu kwa pande zote.

Nje ya mamlaka hayo, mlango umefungwa. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inawakataza watoa huduma na watumishi wao kutoa taarifa za mteja isipokuwa kwa vyombo vya dola, mahakama au baraza lililoundwa kisheria. Kuingia bila haki katika mfumo wa kompyuta, tafsiri inayobeba pia simu, ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao, na faini yake haipungui shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Mlinzi wa getini, msimamizi wa zamu, mgambo, wakala wa fedha na mwenza wa ndoa hawakupewa na sheria hizi uwezo wa kusoma ujumbe wa mtu mwingine. Kukagua mifuko ya mchimbaji anapotoka kazini ni jambo moja. Kusoma simu yake ni jingine.

Malalamiko yanapelekwa wapi

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili, 2024. Sheria hii inazigusa taasisi za umma na binafsi: migodi, hospitali, shule, wakopeshaji na waajiri. Mkusanyaji wa taarifa anatakiwa kujisajili kwa Tume, na kabla ya kuzikusanya amweleze mhusika anazitaka kwa lengo gani na nani atazipokea.

Kwa wakazi wa ukanda huu kipengele kimoja kina uzito wa pekee. Sheria inaziweka alama za vidole na miamala ya fedha ya mtu katika kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida haziruhusiwi kuchakatwa bila ridhaa ya maandishi ya mhusika, isipokuwa pale sheria ilipoweka msamaha. Hivyo mwajiri anayetumia alama za vidole kuandikisha mahudhurio, au mnunuzi anayeweka daftari la nani aliuza gramu ngapi na alilipwa kiasi gani, ameshika taarifa nyeti. Daftari hilo likipigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp, kosa limetendeka hata kama hakuna aliyevamiwa.

Msamaha upo, na ni vyema usifichwe: usalama wa Taifa, kuzuia au kugundua uhalifu na masuala mengine yaliyotajwa na Sheria hayabanwi na masharti yote haya. Nje ya msamaha huo, mwananchi anaweza kudai kuonyeshwa taarifa zake, kusahihishiwa zilizokosewa, kuzuia zisitumike kumtangazia biashara, na kulipwa fidia pale alipopata madhara. Mtu binafsi anayetoa taarifa za wengine kinyume cha Sheria anakabiliwa na faini ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni au shirika, faini ni kati ya shilingi milioni 1 na bilioni 5.

Malalamiko huwasilishwa kwa Tume. Mlalamikaji aeleze ni taarifa zipi, zilikusanywa na nani, lini, na zilitumikaje, na aambatishe ushahidi alionao: picha ya ujumbe uliosambazwa, namba iliyoutuma, tarehe na saa. Pale ambapo fedha zimeibwa, taarifa ianze kituo cha polisi kilicho karibu na kwa mtoa huduma siku hiyo hiyo, kwa kuwa muamala unaweza kuzuiwa tu kabla fedha hazijatolewa kwa wakala.