Ziwa Nyasa kwa Kiingereza

Leo nawasalimu hasa ninyi wa darasa la Tingi na wenzenu mlioko huko chini kandokando ya ziwa, maana somo hili ni lenu. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno mawili ya Kiingereza: Lake Nyasa. Yasomeni pamoja, kisha tusikilizane.

“Lake” ni ziwa. Hilo ni jepesi. Je, Nyasa ni nini? Katika Kiyao, nyasa ni ziwa, yaani maji makubwa. Ndugu zake neno hili ni nyanja ya Wachewa, na nyanza ya watu wa kaskazini. Basi Mwingereza asemapo Lake Nyasa, kwa kweli anasema “Ziwa Ziwa”. Nasi tusemapo Ziwa Nyasa twasema vivyo hivyo!

Jambo hili lilitokeaje? Mwezi wa Septemba, mwaka 1859, David Livingstone alifika ncha ya kusini ya ziwa, akitokea upande wa mto Shire. Watu wa kule waliyaita maji yale ziwa, basi. Mwenye kisima kimoja kijijini husema “naenda kisimani”, wala haulizwi kisima gani. Lakini mgeni alitaka jina la kuweka katika ramani, akaandika Nyassa, tena kwa s mbili. Mwaka mmoja kabla yake, 1858, Speke alifika karibu na Mwanza, naye akaleta kwao jina la Victoria Nyanza. Huko nako ni ziwa juu ya ziwa.

Kutoka ramani jina likaingia katika karatasi za serikali. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani ziliandikiana mkataba wa kugawana nchi, na mpaka ukatajwa kuwa unafuata ukingo wa ziwa: mashariki, kaskazini na magharibi, mpaka mto Songwe. Mwaka 1907 Waingereza wakaiita nchi ya ng’ambo Nyasaland, maana yake Nchi ya Ziwa.

Upande wetu Wajerumani walileta majina yao. Liuli waliiita Sphinxhafen, yaani Bandari ya Sphinx, kwa sababu mwamba wa pale uliwakumbusha sanamu kubwa ya Misri. Mwezi wa Agosti 1914, vita vilipoanza, meli ya Kiingereza Guendolen iliivizia pale meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, ikaipiga mizinga. Wajerumani hawakuwa na habari ya vita. Manda nayo iliitwa Wiedhafen. Majina hayo leo yamo vitabuni tu. Nyasa limebaki, na mimi naona sababu ni kwamba lilitoka vinywani mwa wenyeji.

Sasa shikeni kalamu vizuri. Tarehe 6 Julai 1964 Nyasaland ilipata uhuru ikajiita Malawi, kwa kufuata jina la kale la Maravi, na ziwa likaitwa kwao Lake Malawi. Wenzetu wa Msumbiji, wanaoandika Kireno, husema Lago Niassa. Maji ni yale yale, na samaki hawajui mpaka.

Watu lakini wanao mpaka. Malawi hushika maneno ya mkataba wa 1890, na kwa maneno hayo mvuvi wa Mbamba Bay akitia mguu majini tu ameshatoka kwao. Tanzania husema mpaka upite katikati ya ziwa. Nchi hizi zilibishana mwaka 1967. Mwaka 2012 zikabishana tena, Malawi ilipotoa ruhusa ya kutafuta mafuta, hata viongozi wastaafu wa Afrika, chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji, wakaombwa kusuluhisha. Ndiyo maana Mtanzania aandikapo barua kwa Kiingereza huandika Lake Nyasa, na mtu wa Nkhata Bay huandika Lake Malawi. Ukikuta jina lile la pili katika kitabu cha mwanao, usifikiri ni ziwa jingine, wala usimkemee mtoto. Mweleze tu.

Neno moja bado. “Bay” ni ghuba, maji yaliyoingia katika nchi kavu. Kwa hiyo mtu asemaye “ghuba ya Mbamba Bay” naye amerudia neno, kama Livingstone! Lakini mji wenyewe ndivyo uitwavyo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na usiandike vinginevyo juu ya bahasha.

Kazi ya juma hili: kila mmoja aulize wazee jina la mto au mlima ulio karibu naye, na maana yake katika Kimatengo au Kinyasa. Aliandike jina hilo kama linavyotamkwa, alete darasani. Kwaherini.