Mti wa parseli: namna ya kuchagua watu waaminifu wa kuupunguza au kuukata



Karibu kila parseli ya kanisa, ya shule na ya kituo cha afya katika mashariki yetu ina miti yake: avoka, miembe, grevilea, mikaratusi. Mingi ilipandwa na wazee waliotutangulia, wakati majengo yalikuwa machache. Leo mti uleule unasimama juu ya darasa lenye watoto, juu ya mabati ya jirani, au katikati ya nyaya za umeme. Siku tunapoamua kuupunguza matawi au kuukata, tunaita mtu mwenye msumeno wa mashine, ule tunaouita tronsonezi. Nani alimfundisha kazi? Nani atamtibu akianguka? Mara nyingi hatuulizi hayo. Tunauliza bei tu.

Tunaandika kwa ajili ya kamiti za kanisa, maditekta wa shule na kila mwenye parseli. Kati ya yote tutakayosema, jambo moja ndilo kubwa: mtu atakayefaidika na mbao asiwe yeye anayeamua kama mti uangushwe.

Deni la mwenye mti

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, mtu anayejenga nyumba mpya anaagizwa kuzungusha ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mwenye nyumba anatakiwa kuifikiri hatari kabla haijafika. Mti mzee juu ya uwanja wa shule ni jambo la namna hiyohiyo.

Sheria ya nchi yetu inasema vilevile. Kitabu cha 3 cha sheria ya kiraia ya Kongo, yaani amri ya tarehe 30 mwezi wa 7, 1888, katika vifungu vya 258 mpaka 260, kinamtaka anayemdhuru mwingine kwa kosa lake, kwa uzembe wake au kwa kukosa kuangalia, alipe hasara ile. Kinagusa pia hasara inayoletwa na vitu vilivyo chini ya ulinzi wetu, na ile inayoletwa na watu tuliowapa kazi. Kwa hiyo, tawi likivunja nyumba ya jirani, kusema "ni upepo" hakutoshi kama watu walikwisha kutuonya kwamba mti umeoza. Na kijana tuliyempandisha juu bila kamba akianguka, kusema "ni kibarua tu" hakutatuokoa mbele ya sheria, wala mbele ya mama yake.

Kwanza tuujue ugonjwa wa mti

Kabla ya kumwita mtu yeyote, kamiti iuzunguke mti mchana na kuutazama toka chini mpaka juu. Hizi ni dalili za hatari:

- Mti ulisimama wima, sasa umeanza kuinama, na udongo upande mmoja wa shina umepasuka au kuinuka.
- Uyoga unaota kwenye shina au kwenye mizizi mikubwa.
- Shina lina tundu, au linalia kama ngoma likigongwa.
- Matawi makubwa ya juu yamekauka wakati mengine yana majani.
- Mahali shina linapogawanyika mara mbili pana ufa.
- Mizizi ilikatwa wakati wa kujenga ukuta au kuchimba mtaro wa maji.

Mti usio na dalili hata moja kati ya hizi, mara nyingi hauhitaji kuangushwa. Pengine unahitaji tu matawi makavu yaondolewe, au tawi moja lililo juu ya bati likatwe.

Mahali nako kunabadilisha hesabu. Huko Goma, ambako udongo ni mchache juu ya mawe ya volkano, mizizi hutambaa pembeni na haiendi chini sana. Mti mkubwa hapo unahitaji kuangaliwa mara nyingi zaidi. Huko Bukavu, kwenye miteremko, shida ni nyingine: mizizi inasaidia kushika udongo. Anayekata miti yote ya mteremko kwa siku moja anaondoa hatari ya tawi na kuleta ya udongo kuporomoka. Hapo ni heri kukata kidogo kidogo, kuacha visiki ardhini, na kupanda mingine kabla mizizi ya zamani haijaoza.

Nani aamue?

Hapa ndipo makanisa mengi hupoteza miti na feza. Mtu mwenye mashine anafika, anautazama mti mara moja, anasema: "Huu ni hatari, lazima uanguke wote." Kisha anatoa bei ndogo sana, kwa sharti kwamba shina ni lake. Bei ile inatufurahisha. Lakini shina la grevilea au la mkaratusi mkubwa ni mbao, na matawi ni makala. Malipo yake ya kweli yako ndani ya mti. Hatusemi kwamba kila mtu wa namna hiyo ni mwongo. Tunasema kwamba amewekwa mahali pa majaribu, na sisi ndio tuliomweka.

Dawa yake ni kutenganisha kazi mbili. Kwanza tupate shauri la mtu asiyenunua mbao wala kukata: agronomu wa komine au wa teritware, ama mwalimu wa kilimo. Bukavu kuna Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika, UEA, na Butembo kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, UCG. Vyote viwili vina kitivo cha agronomia. Shauri lake liandikwe: mti gani, shida gani, kitu gani kifanyike. Baada ya hapo tutafute mtu wa kuitenda kazi iliyoandikwa, asizidishe.

Kumtambua mtu wa kazi

Kampuni iliyoandikishwa ina namba ya RCCM, namba ya kitambulisho cha taifa (Id. Nat.) na namba ya kodi. Mfanyakazi mdogo anaweza kuwa na patente. Karatasi hizo hazithibitishi kwamba anajua kukata, lakini zinaonyesha kwamba anaweza kupatikana kesho. Kampuni yenye wafanyakazi iulizwe pia kama imewaandikisha CNSS, kwa sababu ndiyo inayohusika na ajali za kazi, na kama ina asiransi ya kulipa hasara ya jirani.

Tunajua kwamba katika sehemu zetu nyingi hakuna kampuni ya namna hiyo. Kuna mpasuaji wa mbao na vijana wake wawili. Yeye naye anaweza kuwa mtu mwaminifu na fundi mzuri. Tumtambue kwa maswali haya:

1. Ulifanya kazi wapi mwaka huu? Tuonyeshe sehemu tatu. Halafu twende huko bila yeye, tuulize wenyeji.
2. Utakata namna gani? Fundi anaeleza mpango kabla ya kuwasha mashine: mti utaangukia wapi, kamba itafungwa wapi, watu watasimama wapi. Asiyejua anajibu, "Musiwe na wasiwasi."
3. Una vyombo gani? Kaski, miwani, buti, kamba nzima na mkanda wa kupandia. Tuvione kwa macho yetu.
4. Nani atapanda? Kama anayepanda ni mtoto wa miaka 15, mazungumzo yaishe hapo.
5. Ukiumia, au ukivunja kitu, tutafanya nini? Mtu mwaminifu hakasiriki kwa swali hili.

Njia ya kukata nayo inamtambulisha fundi. Tawi kubwa hukatwa mara tatu: kwanza kidogo kutoka chini, mbali kidogo na shina, kisha kutoka juu, mbele zaidi ya pale, ili tawi lidondoke bila kuchana ganda la mti, mwisho kipande kilichobaki kinaondolewa karibu na shina, bila kukata ule uvimbe ulio mahali tawi linapoanzia. Uvimbe huo ndio unaosaidia mti kufunga kidonda. Mtu akisema atakata kichwa chote cha mti "ili upumzike", tumshukuru na tutafute mwingine. Mti uliokatwa kichwa huchipua matawi mengi dhaifu, na donda la juu huingiza uozo. Baada ya miaka michache hatari inarudi ikiwa kubwa kuliko mwanzo. Kwa kawaida, mti wenye afya usipoteze zaidi ya robo ya matawi yenye majani kwa mara moja.

Bei na mapatano

Tuombe bei kwa watu wawili au watatu, kwa kazi ileile iliyoandikwa. Bei ya chini kabisa iulizwe sababu yake. Mara nyingi sababu ni kamba isiyokuwapo.

Mapatano yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari, na yatiwe sahihi mbele ya mashahidi wawili. Yataje mti gani na matawi gani. Siku ya kazi. Nani analeta mafuta na kamba. Nani anaondoa matawi na takataka. Nani analipa kitu kikivunjika. Na shina, mbao na kuni ni za nani. Ni heri kanisa lilipe kazi kwa feza, na mti ubaki wa kanisa. Mbao zikiuzwa, mweka hazina aandike mapato kama anavyoandika sadaka, na waamini wasomewe. Magomvi mengi ya kamiti huanzia kwenye mbao ambazo hakuna aliyejua zilikwenda wapi.

Avansi iwe ndogo, ya mafuta na usafiri, na inayobaki ilipwe siku ileile kazi inapokwisha na uwanja umesafishwa. Aliyefanya kazi asizungushwe majuma mawili akiambiwa "mweka hazina hayupo." Tunapomtaka awe mwaminifu, sisi nasi tuwe waaminifu kwake.

Kabla ya siku yenyewe, tumjulishe shefu wa avenyu na jirani, na tuulize ofisi ya mazingira ya komine au ya teritware kama karatasi ya ruhusa inahitajika. Kinacholipwa huko kiwe na risiti. Kama mti unagusa nyaya, hakuna mtu wa kupanda mpaka SNEL, Virunga Energies au yeyote anayetoa umeme pale amekata laini na kuthibitisha. Tawi bichi hupitisha umeme, na kamba yenye maji pia.

Siku ya kazi

Kwa Bukavu na Uvira, kazi kubwa ifanywe wakati wa kiangazi, mwezi wa 6 mpaka wa 8, kabla mvua na upepo havijarudi. Isifanywe siku ya masomo wala siku ya ibada. Watu wote wakae mbali, angalau mara mbili ya urefu wa mti. Mti wa mita 20 unahitaji mita 40 zisizo na mtu. Mzee mmoja wa kanisa awepo toka mwanzo mpaka mwisho, akiwa na karatasi ya mapatano mkononi. Mvua au upepo ukianza, kazi isimame, hata kama imebaki nusu. Na mtu aliyekunywa pombe asiguse mashine.

Baada ya kazi, tuhakikishe kwamba hakuna tawi lililokwama juu, kwa maana hilo huanguka siku ambayo watu wamekwisha kusahau. Kisiki cha mkaratusi kitachipua tena. Tuamue mapema kama tunataka machipukizi yake. Na mahali mti ulipotoka, au mbali kidogo na majengo, tupande mwingine mvua zinapoanza.

Tunawaomba kamiti za makanisa mahalia waweke jambo hili katika kikao chao kijacho. Waandike miti yote ya parseli, umbali wake na majengo, na dalili wanazoziona. Orodha hiyo itachukua saa moja tu, na itawasaidia kujua ni mti gani unaohitaji agronomu kabla ya mvua za mwezi wa 9.

Bwana awalinde ninyi na watoto wanaocheza chini ya miti yenu.