Dawa za Sumu na Nyoka Katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Tunapoutaja utamaduni wa taifa, mara nyingi mawazo yetu huenda kwenye ngoma, nyimbo na vinyago. Ni nadra kuikumbuka tiba. Hata hivyo, mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, urithi uliohitaji kutunzwa ulikuwa mpana kuliko ngoma. Ndani yake mlikuwamo pia ujuzi wa kupambana na mauti. Katika makala haya tutaitazama sehemu moja ya ujuzi huo, nayo ni dawa za sumu na za kuumwa na nyoka katika vitongoji vya Dar es Salaam, upande wa Kinondoni na upande wa Temeke. Tutauliza pia swali ambalo wapenzi wa mila huliepa: je, dawa hizo ziliponya?

Kabla ya Sultani Majid wa Zanzibar kuanza kujenga mji katika miaka ya 1860, pwani hii ilikuwa na vijiji vya Wazaramo na Washomvi, kikiwemo Mzizima. Mji ulipopanuka ulimeza mashamba ya minazi, mikorosho na mihogo. Mtu aliyehamia Mbagala, Yombo, Kimara au Mbezi alijenga nyumba yake shambani, na nyoka hawakupewa taarifa ya kuhama. Kifutu alilala njiani chini ya majani makavu, swila aliwafuata panya hadi uani, na koboko wa kijani alijificha katika miembe.

Mganga wa mitishamba alipoletewa mtu aliyeumwa, kwanza aliuliza habari za nyoka: rangi yake, urefu wake, na kama aliinua shingo au alijikunja. Kisha alifunga kamba juu ya jeraha, akachanja kwa wembe na kuumika kwa chuku ili kuivuta damu. Mizizi iliyopondwa, kama ile ya mtopetope ambayo hutumika sehemu nyingi za Afrika, ilipakwa jerahani au kunyweshwa. Aliyetemewa sumu na swila alioshwa macho kwa maziwa. Yote hayo yaliambatana na maneno ya kumtia moyo mgonjwa na kuiamuru sumu ishuke.

Ng'ambo ya bahari, katika Bara Hindi, kulikuwa na elimu ya Ayurveda, yaani elimu ya maisha. Elimu hiyo ina matawi manane, na tawi moja zima, liitwalo Agada, linahusu sumu. Kitabu cha kale chenye jina la Charaka kinaorodhesha njia 24 za kuitibu. Ya kwanza ni maneno matakatifu; miongoni mwa zinazofuata ni kufunga kamba juu ya jeraha, kukata na kunyonya. Msomaji ataona jinsi njia hizo zinavyofanana na zile za mganga wetu. Haitupasi kudhani kwamba mmoja alimwiga mwenziwe. Huenda hofu ileile iliwaongoza binadamu wa pande mbili kwenye matendo yaleyale.

Lakini mahali ambapo tiba hizo mbili zilikutana panajulikana: ni dukani. Wafanyabiashara wa Kihindi waliuza manjano na mvuje kando ya unga na nguo. Mwarobaini, mti wenye asili ya huko, ulipandwa uani, na watu wa pwani wakaupa jina hilo kwa kuamini kwamba unatibu maradhi arobaini. Mama wa Temeke aliyenunua manjano dukani na kuchimba mzizi nyuma ya nyumba hakuona mpaka wowote kati ya tiba ya Kihindi na ya Kizaramo. Hata lile jiwe jeusi la nyoka, ambalo kwa kawaida ni mfupa uliochomwa, limesifiwa huku na huko.

Utawala wa kikoloni haukutaka kuupima ujuzi huu. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilitungwa kupinga uchawi, lakini kivuli chake kiliwaangukia pia waganga, na mtu mwenye ujuzi wa miti akajifunza kunyamaza. Ujuzi unaofichwa hauwezi kusahihishwa. Baada ya Uhuru hali ilibadilika. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho mwaka 1991 kilikuwa Taasisi ya Dawa za Asili. Mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Sasa tulirudie swali letu. Nyoka wengi hawana sumu ya kumwua mtu, na hata mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuimwaga. Basi wengi walioumwa wangepona hata bila dawa, na mzizi ukapata sifa isiyo yake. Kwa aliyemwagiwa sumu ya koboko, mzizi haukutosha. Kamba iliyokazwa huweza kuozesha mguu, na wembe huongeza damu na vidonda. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, Albert Calmette wa Ufaransa alipotengeneza seramu ya kupinga sumu ya nyoka, dawa ya hakika imekuwa ni hiyo. Aliyeumwa atulizwe, avuliwe pete na bangili, kiungo kisitikiswe, naye apelekwe hospitali upesi. Saa zinazopotea kwa mganga huweza kuwa ndizo saa za uhai wake.

Je, wazee wetu hawakujua kitu? La, walijua mengi. Kuosha macho yaliyotemewa sumu ni jambo sahihi, ingawa maji mengi safi yanatosha. Kumtuliza mgonjwa ni sahihi. Kuwatambua nyoka kwa umbo na mwendo ni elimu ambayo vijana wa mjini wameipoteza. Na kuhusu sumu ya muhogo mchungu, walijua kuumenya, kuuloweka na kuuanika kabla ya kuusaga, na kwa njia hiyo waliiondoa sumu kabla haijafika chunguni. Ujuzi wao wa kukinga ulikuwa imara kuliko ujuzi wao wa kuponya.

Utafiti nao huleta yasiyotarajiwa. Huko India mzizi wa sarpagandha ulisifiwa kwa kuumwa na nyoka na kwa wazimu. Mwaka 1952 wataalamu waliipata ndani yake kemikali iitwayo resapini, iliyotumika kutibu shinikizo la damu. Ndugu wa mmea huo ni msesewe, ambao Wachaga hutia gome lake katika mbege.

Kwa hiyo tunawaomba walimu na wanafunzi wa vitongoji hivi wawaendee wazee, waandike majina ya miti na matumizi yake kabla shamba la mwisho halijawa nyumba. Waandike kwa heshima, na wapime kwa ukweli. Kuupenda urithi wetu si kuuacha umwue mtoto ambaye hospitali ingemwokoa.